Paneli Zilizotazama Kusini: Niliyojifunza Nikiratibu Kozi ya Umemejua ya Vyuo Vinne

Mchoro ulionifanya niandike haya ulikuwa wa zahanati moja wilayani Kilosa. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu aliuchora kwa uangalifu mkubwa: paneli nane, betri, inveta, urefu wa kila waya na unene wake, na jokofu la chanjo likiwa na mkondo wake peke yake ili lisizimwe na mzigo mwingine. Hesabu za mzigo zilikuwa sahihi, na hesabu za betri pia. Lakini paneli zote nane zilielekezwa kusini, kwa mwinamo wa nyuzi 35, ilhali Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na tarehe 21 Juni jua la mchana husimama huko upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Ukijumlisha 30 na 35 unapata 65, yaani mwale ungezifikia paneli zile kwa ulalo mkubwa mno, hata mchana mweupe wa kipupwe usio na wingu zingepata takriban asilimia 42 tu ya mwanga wa moja kwa moja ambao zingeupata kama zingelitazama jua uso kwa uso.

Nilipomwuliza kwa nini kusini, alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, ndivyo tulivyofundishwa." Alikuwa anasema kweli. Mhadhara wa usanifu ulirekodiwa Ujerumani, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima na mafundi huinamisha paneli kwa kiasi kile kile alichokitumia yeye. Programu ya PVGIS ya kukadiria umeme utakaotoka kwenye paneli, ambayo kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya huitoa bure na ambayo tuliifanya nyenzo kuu ya kozi, huhesabu uelekeo wa sifuri kuwa ni kusini, naye aliiacha sifuri kama alivyoikuta. Anayetaka kuelekeza paneli kaskazini hulazimika kuandika 180. Mhadhara ule ulipitia mikononi mwangu kabla ya kuwekwa kwenye jukwaa la kujifunzia. Niliusikiliza wote, nikasahihisha makosa mawili ya tahajia kwenye slaidi, nikauidhinisha.

Nimekuwa mratibu wa kozi hii kwa upande wa Tanzania tangu ilipobuniwa, na kosa lile ndilo lililonirudisha nyuma kuangalia safari nzima. Nawaandikia wahadhiri wenzangu ambao huenda leo au kesho wataletewa andiko la mradi wa namna hii na kuombwa waweke sahihi.

Imani yangu katika elimu ya mtandaoni haikutoka hewani. Mwaka 2013 nilikuwa mmoja wa makumi ya maelfu ya watu waliojiandikisha katika kozi ya nishati ya jua ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, iliyotolewa bure kupitia jukwaa la kozi za mtandaoni la edX na kufundishwa na Profesa Arno Smets. Nilikuwa nikibaki ofisini usiku, wenzangu wakishaondoka na mtandao ukipata nafasi, nikijifunza jinsi fotoni inavyong'oa elektroni katika silikoni. Nilimaliza nikiwa na furaha ya kweli, na nikiwa nimeshawishika kwamba wanafunzi wetu wakipewa kitu kama kile watafika mbali. Sikujiuliza jambo moja: mimi niliifuata kozi ile nikiwa tayari na shahada mbili, mshahara, ofisi yenye intaneti, na maabara chini ya ngazi. Mwanafunzi niliyekuwa namwaza hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Mazungumzo ya mradi wetu yalianza mwaka 2018. Tulikuwa vyuo vinne: chetu, kimoja cha Kenya, kimoja cha Uganda na kimoja cha Ujerumani. Wazo lenyewe lilieleweka upesi, yaani moduli sita za umemejua zifundishwe mtandaoni, kila chuo kitayarishe zile kinazoziweza zaidi, na wanafunzi wa vyuo vyote wasome pamoja. Sisi tulichukua mifumo isiyounganishwa na gridi, Wakenya wakachukua gridi ndogo za vijijini, Waganda pampu za maji na umwagiliaji, na zilizobaki tatu, ambazo ni fizikia ya seli, upimaji wa rasilimali ya jua na usanifu, zikaenda Ujerumani kwa sababu wao walikuwa na studio ya kurekodia. Mgawanyo ule tuliukubali katika kikao cha dakika 40. Leo ningeupigania. Moduli ya upimaji na ile ya usanifu ndizo zinazomwambia mwanafunzi aweke paneli wapi na vipi, na tulizikabidhi kwa watu wanaoishi chini ya jua tofauti na letu, kwa sababu tu walikuwa na kamera nzuri.

Hati ya makubaliano ilichukua miezi 14 kusainiwa. Ilizunguka kwa wanasheria wa vyuo vinne, na kila mmoja alipobadilisha aya ilibidi irudi kwa wengine watatu. Mimi nilikwishawatangazia wanafunzi, nikawafanya waliokuwa mwaka wa mwisho waisubiri kozi ambayo waliondoka chuoni bila kuiona, na bado naona haya nikikutana nao. Usimtangazie mwanafunzi kitu ambacho mkuu wa chuo hajakitia sahihi. La zaidi ni kwamba hati ile, pamoja na kukaa kwake kote mezani, ilijaa maneno ya urafiki na kukosa majibu ya maswali manne yaliyotutesa baadaye: nani anatoa alama na vyeti, nani analipia intaneti ya mwanafunzi, masomo yaliyorekodiwa ni mali ya nani, na seva itakaa wapi fedha za mfadhili zikiisha. Hati ya jumla na ibaki fupi kadiri wanasheria wanavyotaka, ila maswali hayo manne yawe na kiambatisho chao, nacho kisainiwe siku hiyo hiyo.

Suala la alama linahitaji nilifafanue, maana ndilo lililowaumiza wanafunzi wa awamu ya kwanza kuliko yote. Kwetu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120. Katika mfumo wa Ulaya mwaka una krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Wenzetu waliandaa kila moduli kwa krediti zao tano, yaani saa 125 hadi 150. Mimi niliisajili kwenye kamati ya idara kwa krediti 10, nikidhani kwamba tano zao ni kumi zetu kwa kuwa mwaka wetu una mara mbili ya mwaka wao. Ukiangalia mwaka mzima hesabu hiyo inaonekana sawa, lakini ukiangalia saa, mwanafunzi wangu alikuwa anafanya kazi ya saa 150 huku chuo kikimhesabia 100. Walilalamika kwamba kozi ni nzito, nami nikawaambia wajitahidi. Walikuwa wanajitahidi, kosa lilikuwa la kwangu.

Kibaya zaidi, niliridhika na idhini ya idara nikidhani inatosha. Moduli inayotaka kuingia kwenye matokeo ya mwanafunzi inapaswa kupanda hadi bodi ya kitivo na seneti, na programu mpya kabisa huhitaji ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijitangaza mwaka 2017 kuwa eneo moja la elimu ya juu, nami nilijipa moyo kwamba tangazo hilo lingeturahisishia kazi, lakini tangazo la wakuu wa nchi haliandiki alama kwenye cheti cha mtu. Seneti ilikutana baada ya muhula kwisha. Wanafunzi wangu 11 waliomaliza awamu ya kwanza walipewa cheti cha ushiriki, karatasi nzuri yenye nembo nne ambayo haikuongeza hata alama moja kwenye matokeo yao. Mmoja alinipigia simu kutoka Mtwara, akanieleza kwamba kwenye usaili wa kazi aliulizwa cheti kile ni cha ngazi gani, naye hakuwa na la kujibu. Sikuwa nalo pia.

Wanafunzi wa Kenya walikuwa na swali lao, na lilikuwa la maana zaidi. Huko fundi wa sola hupewa leseni ya ngazi ya T1, T2 au T3 chini ya kanuni za mwaka 2012, nao walitaka kujua kama kozi yetu inawasogeza karibu na leseni hiyo. Hakuna kati yetu aliyekuwa amezifungua kanuni zile alipokuwa anaandika mtaala. Kwa anayeanza sasa, kanuni za leseni za kila nchi ziwekwe mezani kabla ya mada za mihadhara, kwa sababu mwanafunzi wa umemejua anatafuta ajira au anataka kujiajiri, na mlango wa kazi hiyo unalindwa na mamlaka ya nishati.

Tulipanga kuanza Aprili 2020. Machi vyuo vya nchi zetu zote tatu vikafungwa kwa sababu ya korona. Watu wengi walidhani kwamba kozi ya mtandaoni ingenufaika na hali ile, lakini kalenda zetu zilisambaratika: Tanzania ilifungua vyuo tarehe 1 Juni, huku Kenya na Uganda zikianza kufungua taratibu kuanzia Oktoba. Wanafunzi wangu walikuwa kwenye mitihani wakati wenzao wako nyumbani, na wenzao waliporudi, wangu walikuwa likizo. Tulianza Januari 2021, na wiki ile ile intaneti ikazimwa Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu, kwa hiyo chuo kizima kilikosa kipindi cha ufunguzi.

Awamu hiyo ndiyo iliyonifunza bei ya bando. Niliandikisha wanafunzi 34. Mihadhara ya moja kwa moja ilikuwa miwili kwa wiki, saa moja na nusu kila mmoja, na kila mtu alitakiwa kuwasha kamera. Kwa kipimo tulichokifanya wenyewe baadaye, kipindi cha video cha saa moja kilikula karibu jigabaiti moja. Wiki ya pili walibaki 27, wiki ya tano 19. Niliwaandikia barua pepe za kuwatia moyo, mpaka siku niliyomwita mmoja ofisini, kijana mwenye bidii aliyekuwa amepotea wiki tatu, akanieleza akitazama chini kwamba bando la wiki moja lilikuwa sawa na fedha yake ya chakula ya siku nne. Nilimaliza siku hiyo nikiwa nimetoka ofisini na kurudi mara tatu bila kukumbuka nilichokuwa nakifuata.

Nilianza kuwanunulia bando kwa fedha zangu, nikiamini kwamba bajeti ya mradi itanirudishia. Mkaguzi alipokuja alitaka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila shilingi, na bando linalonunuliwa kwenye simu huacha ujumbe mfupi tu. Nilimwonyesha zaidi ya jumbe 200. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba anaziamini ila hawezi kuzikubali. Shilingi milioni 2.3 zikaenda, na mke wangu, ambaye alikuwa amenitahadharisha, hakunilaumu, jambo lililonichoma zaidi. Awamu iliyofuata chuo kiliingia mkataba na kampuni ya simu, laini za wanafunzi zikasajiliwa katika kundi moja na kulipiwa kwa ankara moja yenye risiti halali. Mkataba huo ulichukua wiki tano kuukamilisha. Tungeanza nao, tungeokoa wanafunzi na fedha pia.

Tulibadilisha pia masomo yenyewe. Kila mhadhara ulikatwa vipande vya dakika 6 hadi 10, kila kipande kikatolewa kwa video ndogo, kwa sauti peke yake, na kwa maandishi yenye picha. Jukwaa letu ni Moodle, na programu yake ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa chuoni na kulisoma akiwa mahali pasipo na mtandao, kisha majibu yake yakapanda akirudi kwenye mtandao. Vipindi vya moja kwa moja vikabaki kimoja kwa wiki mbili, cha maswali tu. Wenzetu wa Ujerumani waliona tunapunguza ubora. Baada ya muhula mmoja, wanafunzi wao wenyewe ndio walioongoza kwa kusikiliza sauti peke yake, wakiwa kwenye treni.

Hapa nikumbushe jambo dogo lenye usumbufu mkubwa. Ulaya husogeza saa zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nasi hatufanyi hivyo. Tarehe 27 Machi 2022 kipindi kilichokuwa kikianza saa 9 alasiri kwetu kilihamia saa 8 bila mtu kusema neno, na wanafunzi wa nchi tatu wakafika wakakuta mhadhiri anaaga. Ratiba iandikwe kwa saa za Afrika Mashariki, na anayebadilisha saa zake ndiye ajirekebishe.

Nije kwenye maabara, maana hapo ndipo penye moyo wa suala lote. Andiko la mradi lilijivunia maabara ya mbali: paneli halisi iliyo juu ya paa la chuo cha Ujerumani, yenye vipimo ambavyo mwanafunzi wa Nairobi au Kampala angeviendesha kupitia kivinjari. Kiufundi ilifanya kazi vizuri. Lakini Januari jua la kule huzama kabla ya saa 11 jioni kwa saa zao, ambayo kwetu ni kabla ya saa 1 usiku, na wanafunzi wetu walikuwa wanapata nafasi baada ya chakula cha jioni. Waliingia, wakaona grafu imelala chini, wakaandika ripoti kuhusu mkondo wa sifuri. Wapo waliodhani wameharibu kifaa cha watu.

Tukaamua kuwapelekea maboksi ya vifaa. Awali yaliandaliwa Ujerumani, yakiwa na betri za lithiamu ndani. Betri hizo huhesabiwa kuwa mzigo hatari zinaposafirishwa kwa ndege na huhitaji hati ya vipimo vya usalama vya Umoja wa Mataifa viitwavyo UN 38.3, ambayo mfungaji hakuiambatisha. Maboksi yalikaa ghalani miezi mitatu na tozo ya kuhifadhi ikipanda kila wiki. Yalipotoka, muhula ulikuwa umekwisha. Mara ya pili nilichukua basi kwenda Dar es Salaam, nikakaa Kariakoo siku mbili na fundi wa maabara wetu, tukanunua kila kitu: paneli ndogo, kontrola ya chaji, betri ya kawaida ya asidi na risasi ya volti 12, taa mbili, multimita, bisibisi, koleo la kukatia waya na fyuzi. Boksi moja lilitugharimu chini ya nusu ya lile la kutoka nje, na kikiharibika kitu, mwanafunzi anajua pa kukinunua tena.

Kariakoo ilitufundisha pia somo ambalo halikuwa kwenye mtaala wowote. Paneli zenye kibandiko cha wati 100 zilikuwa za ukubwa tofauti tofauti. Jua kali la kipimo cha kawaida ni wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza karibu sehemu ya tano ya hizo kuwa umeme, kwa hiyo wati 100 zinahitaji karibu nusu mita ya mraba. Paneli ya theluthi moja ya mita ya mraba haiwezi kutoa wati 100 hata ikisomewa dua. Sasa kila mwanafunzi wetu anajifunza kubeba futi kamba dukani kabla ya kubeba multimita.

Siku ya kwanza ya kutumia maboksi nilikuwepo mimi mwenyewe, kwenye uwanja wa nyuma wa karakana, saa 7 mchana. Mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa amepiga magoti mbele ya paneli, akigusisha ncha za multimita kwenye nyaya. Kibandiko kilisema volti 22.4 bila mzigo. Kioo cha mita kilionyesha 20.1. Alizisafisha ncha kwa khanga, akapima tena, ikaja 20.0. "Mwalimu, hii mbovu," akasema. Nilimwambia aweke kiganja mgongoni mwa paneli. Alikiondoa haraka. Kisha nikamwona anakaa kimya, anaangalia kiganja, anaangalia mita, na akachukua daftari: kipimo cha kiwandani hufanywa seli zikiwa na nyuzijoto 25, hizi zinakaribia 60, tofauti ni 35, na kila nyuzi moja hupunguza takriban asilimia 0.3 ya volti. Alipata punguzo la asilimia 10.5, na volti 20.0. Alikuwa amejibu swali hilo hilo kwenye jaribio la mtandaoni wiki mbili nyuma na kupata alama zote. Ila pale uwanjani ndipo alipoinua uso na kucheka.

Tangu siku ile nimekataa moduli yoyote ya mtandaoni isiyo na saa za mikono. Mitihani nayo tumeibadilisha. Mwanafunzi hufunga mfumo mdogo nyumbani kwao, hupiga picha za kila hatua kitambulisho chake kikiwa kando ya viungo vya waya, kisha mhadhiri wa chuo kingine humpigia simu ya kawaida, isiyohitaji bando, na kumhoji dakika 15: kwa nini fyuzi umeiweka hapa, ungefanya nini betri ikishuka hadi volti 11. Ni vigumu kumwazima mtu majibu ya aina hiyo. Tena mwanafunzi huweza kujibu kwa Kiswahili akitaka, kwa kuwa tuligundua kwamba wengi walielewa mkondo na volti vizuri ila Kiingereza cha kueleza ndicho kilichowakwamisha.

Ufadhili uliisha Desemba 2022. Siku 90 baadaye seva ya masomo, iliyokuwa Ujerumani, ilizimwa kwa mujibu wa utaratibu wa chuo kile, na barua ya tahadhari ilikuwa imetumwa kwa anwani ya mratibu wao ambaye alikwishahama kazi. Miaka minne ya video, benki ya maswali, mijadala ya wanafunzi, vyote vikapotea. Nilikuwa na nakala ya moduli yetu na nusu ya ile ya Uganda kwenye diski ya nje. Kwa siku kadhaa sikuweza kuwaambia wenzangu. Nilikuwa naufungua ukurasa ule asubuhi kana kwamba utakuwa umerudi. Kila mshirika na awe na nakala kamili kwenye seva yake tangu siku ya kwanza, na masomo yatolewe kwa leseni huria inayomruhusu kila chuo kuyatumia na kuyarekebisha bila kuomba ruhusa tena.

Msiba ule ulitupa nafasi ya kuandika upya. Awamu ya tatu, iliyoanza Novemba 2023, ilikaa kwenye seva yetu, na moduli ya usanifu tukaiandika sisi na Waganda. Wajerumani ndio waliokuwa wahakiki. Mgao wa umeme wa miezi ile ulituzimia seva mara kadhaa mpaka tulipoiwekea paneli na betri zake, kazi waliyoifanya wanafunzi wenyewe kama zoezi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, wanafunzi wetu waliendelea kusoma kwa kuwa seva ilikuwa ndani ya chuo na masomo yalikuwa kwenye simu zao.

Na somo la kwanza la moduli ile siku hizi halina video. Kila mwanafunzi, popote alipo, husimamisha kijiti cha mita moja saa sita na nusu mchana, huweka alama pale ncha ya kivuli inapoishia, hutafuta kaskazini kwa dira ya simu, na kutuma picha. Mwezi Novemba vivuli vya Kilosa huangukia kaskazini, na wanafunzi wengi huandika kwamba basi paneli zitazame kusini. Hatuwasahihishi. Mwishoni mwa Mei wanarudia mahali pale pale, na kivuli kimehamia upande wa pili, kirefu kuliko kile cha Novemba. Hapo ndipo wanapoanza kubishana wao kwa wao kwenye kundi la WhatsApp, mtu wa Kampala na mtu wa Morogoro, kuhusu uelekeo unaofaa pale ambapo jua hupita pande zote mbili za paa, na kwa nini mafundi wetu huacha mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Mwanafunzi wa Ujerumani alituma picha zake mbili, kivuli kikiwa kaskazini mara zote, akauliza kama wenzake hawajakosea dira.

Kwa atakayetaka kulitumia zoezi hili, kijiti lazima kiwe wima kabisa. Tumia timazi, uzi na kokoto vinatosha.